Konokono

Nilipolinunua lilikuwa gari la heshima:
buluu, milango minne, boneti limetobolewa pua ya kuvutia hewa,
na kwenye logibuku jina la daktari wa meno wa Lavington
ambaye, naapa, hakuwahi kuvuka gia ya tatu.

Mutinda wa Grogan akalipasua kifua.
Akatandika gunia, akaniwekea mkononi kitu kizito,
chuma kilichojikunja, baridi, chenye masizi.
"Konokono," akasema. "Mbio zote ziko kwa huyu."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Alipuliza kwa mdomo, na feni iliyo ndani ikazunguka
bila sauti, kama jambo lililokwisha kuamuliwa.

"Jiji hili liko juu," akaeleza, akifuta vidole,
"hewa yake haishibishi. Injini nyingine hupanda Limuru
zikihema kama bwana harusi mbele ya mashemeji.
Konokono hula moshi wake mwenyewe,
akaugeuza pumzi."

Basi nikaanza. Mshahara wa Mei, kipoza hewa.
Wa Juni, springi fupi; gari likachuchumaa.
Julai nilikula githeri mwezi mzima.
Agosti, ekzosi pana kama kikombe cha uji,
nayo ikafungua mdomo.
Kwamboka aliisikia akiwa bafuni.
Akasema tu: "Hiyo ni karo ya nani?"

Hakuna anayekuonya kuhusu Jumatatu.
Nguvu za farasi mia tatu, na mbele yangu lori la kokoto,
Barabara ya Jogoo, saa moja asubuhi.
Klachi ngumu hadi goti la kushoto linabashiri mvua.
Gia ya kwanza, simama. Gia ya kwanza, simama.
Mshale wa joto unapanda taratibu
kama mtu anayetafuta sababu ya kukasirika.
Muuza njugu ananipita kwa miguu,
ananirudia, ananiuzia, ananipita tena.
Konokono ndani, konokono nje.

Na matuta! La mtaani kwetu nalivuka mshazari,
gurudumu moja moja, pumzi nimeibana,
kama mtu aliyevaa sketi ya kubana akiruka mtaro,
na bado tumbo linakwaruza.
Kutoka Donholm hadi kazini nayajua yote
kwa kilio chake kila moja.

Lakini kuna Jumapili, saa kumi na moja alfajiri,
ile njia ya kusini inayopita kando ya mbuga,
ukungu umelala kwenye ua wa nyaya, lami tupu.
Gia ya tatu. Unakanyaga
na kwa kitambo hakuna kitu,
konokono anafikiri,
kisha mgongo unazama kitini
kama uliosukumwa na mkono mpana usio na hasira.
Sekunde nne. Labda tano.
Ndizo nilizozilipia miaka miwili.

Mwezi wa pili jirani wa juu alijifungua mapacha.
Hakulalamika. Alinisalimia ngazini, macho mekundu,
chupi ya mtoto begani badala ya kitambaa,
na salamu hiyo ilinitosha.
Nikarudi Grogan. Ekzosi ya zamani ilikuwa ingali
nyuma ya mlango, ina vumbi na mayai ya mjusi.
Mutinda aliifunga bila neno.
Kwenye boliti ya mwisho ndipo akauliza:
"Na konokono?"
"Mwache."

Usiku ule nilifika getini mvua ikinyesha.
Miaka miwili Ekiru, mlinzi wetu, alikuwa akinisikia
tangu kwenye mzunguko, akafungua
kabla sijakata kona.
Nikasubiri. Waipa zikaenda, zikarudi.
Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba geti lina maandishi,
rangi nyekundu, herufi zimepinda: PIGA HONI MARA MOJA.

Nikapiga.
Akatoka amejifunika gunia, tochi mkononi,
akanimulika usoni, akauliza kwa adabu
nakwenda nyumba namba ngapi.